Barabara Isiyo na Ajali

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi ilikuwa na manyunyu, yale yasiyolowesha nguo lakini yanayolowesha karatasi, na upepo ulipenya kwenye dirisha la chumba cha mikutano ambalo kitasa chake kilivunjika tangu enzi za mkurugenzi aliyepita. Nilifika mapema, nikafuta meza, nikapanga viti, nikasali kama ninavyosali kabla ya kila kikao: Ee Mungu, wape hawa hekima, na mimi unipe wino wa kuiandika ikija.

Kazi yangu ni ukatibu. Naandika kumbukumbu za vikao vya Kamati ya Ghala. Mtu akisikia ghala hufikiri magunia. Mama mkwe wangu mpaka leo anaamini tunalinda nafaka, na kila nikienda kumsalimu huniuliza kama panya wamepungua. Ghala letu ni la taarifa. Polisi wana taarifa zao za ajali, hospitali zina zao, wahandisi wa barabara wana zao, na kila mmoja amezifungia kwake kama mke mwenza anavyofungia sukari. Ikaamuliwa ziwekwe pamoja, ndani ya mfumo mmoja wa kompyuta, ili anayetaka kujua watu wanafia wapi barabarani, na kwa nini, abonyeze na aone. Ni jambo jema. Nililiombea tangu siku ya kwanza, na bado naliombea, ingawa siku hizi namwomba Mungu kwa sauti ya chini kidogo.

Mkurugenzi tunamwita Kimsingi, ila si mbele yake. Hawezi kufungua kinywa bila neno hilo. Asubuhi ile aliingia akipangusa miwani, akasema, "Kimsingi, habari za asubuhi," tukajibu nzuri. Walikuwepo Inspekta wa trafiki, Muuguzi Mkuu kutoka hospitali kubwa, Mhandisi wa barabara, na Mtaalamu wa mifumo aliyekodishwa kutujengea Ghala. Huyu Mtaalamu ni mtu wa maneno machache. Mengi yake yamo ndani ya kompyuta, na huko nako hayatoki kirahisi.

Ili nieleweke, inabidi nirudi nyuma kidogo. Kikao kizima cha mwezi uliopita kiliishia kwenye ubishi wa nani ni marehemu. Inspekta alishikilia kwamba marehemu wa ajali ni yule aliyefia barabarani. Akishapakiwa kwenye gari la wagonjwa si wake tena. Muuguzi Mkuu akasema hospitali humwandika mtu kwa jeraha lililomuua, na hakuna jeraha linaloitwa gari. Mhandisi akasema yeye anamtambua marehemu aliyeuawa na barabara, na tangu aajiriwe hajaona barabara ikiua mtu. Wanaoua ni madereva. Basi aliyekata roho njiani, katikati ya polisi na hospitali, akakosa mwenyewe. Niliandika: "Suala la waliofia njiani limeahirishwa." Kisha nikawaombea kimya kimya, maana hata ahera sidhani kama mtu huahirishwa.

Kikao kilichofuata ikaja ramani. Mtaalamu alikuwa ameipaka rangi: barabara zenye ajali nyingi nyekundu, zenye chache manjano, zisizo na ajali kijani. Pale ambapo taarifa hazikuletwa, aliacha peupe. Mkurugenzi aliitazama ile ramani kama mtu aliyeletewa mchumba asiye na meno.

"Haya mapengo ni ya nini?"

"Hapo hatujui," Mtaalamu alijibu.

"Hatujui? Waziri aje hapa nimwambie hatujui? Kimsingi, ghala haliwezi kuwa tupu."

Mhandisi ndiye aliyeleta ukombozi. "Pasipo na taarifa, weka sifuri," alisema. "Kama ajali ingekuwepo, si tungesikia?"

Wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa raha. Mtaalamu akabonyeza. Sifuri ni kijani, na nchi ikawa kijani yote, kama bustani ya Edeni kabla nyoka hajapewa kibali. Kabla chai haijapoa tulikuwa tumeokoa maelfu ya watu.

Na barabara iliyong'aa kuliko zote ilikuwa hii inayopita mbele ya ofisi yetu. Ajali sifuri, mwaka hadi mwaka. Sababu yake ni fupi. Barabara hii iliondolewa kwenye rejista ya Mhandisi kwa kuwa ilikuwa ifanyiwe ukarabati, na barabara iliyo kwenye ukarabati haina namba. Ukarabati haukuja. Namba haikurudi. Magari hayakuambiwa. Polisi wakijaza fomu ya ajali iliyotokea hapo, kompyuta inauliza namba ya barabara, haioni, inaitema fomu. Panabaki tupu. Tupu ikawa sifuri, sifuri ikawa kijani, na kijani ikawa tuzo: Barabara ya Mfano.

Tuzo ikaletewa bango. Lilisimikwa Jumamosi, nguzo mbili za chuma na bati pana, karibu na geti letu, palepale kwenye kivuko cha watembea kwa miguu ambacho mistari yake myeupe ilishafutika. Kwenye bango Mkurugenzi amesimama na suti, kidole gumba juu. Tai yake peke yake ni ndefu kuliko mtoto wa chekechea. Chini imeandikwa: BARABARA ISIYO NA AJALI. TAKWIMU HAZIDANGANYI. Waziri angekuja Ijumaa kulizindua, na ajenda ya kwanza asubuhi ile ilikuwa rangi ya utepe.

Tulikuwa bado kwenye utepe, Inspekta anataka wa bluu, mlango ulipofunguka.

"Hodi," alisema mtu ambaye alikuwa ameshaingia.

Alikuwa wifi yangu, dada wa mume wangu. Ni mwalimu mkuu wa chekechea iliyo ng'ambo ya barabara. Kila asubuhi na kila mchana huwavusha watoto pale kivukoni, wakiwa wameshikana mashati. Nguo zake zilikuwa na manyunyu, na mkononi alishika begi dogo la mtoto, mkanda mmoja umekatika, upande wote umechubuliwa na lami.

"Wifi," nilimnong'oneza, "tuko kwenye kikao."

"Najua. Tangu kaka yangu akuoe, wewe uko kwenye kikao tu. Hata arusi yenu nusura muiahirishe."

"Mwalimu, karibu sana," alisema Mkurugenzi. "Kimsingi, wananchi ndio wadau wetu wakuu. Ila kuna utaratibu wa—"

Wifi aliliweka lile begi mezani, juu ya sampuli za utepe. Lilikuwa na maji na mchanga.

"Bango lako linataka kuniulia mtoto. Asubuhi hii nimewapanga nyuma yake, maana hapana pengine pa kuwapanga, ndipo penye kivuko. Mimi sioni gari, gari halituoni. Huyu mtoto wa mbele kachungulia, kioo cha gari kimenasa begi mgongoni. Kazungushwa kama pia. Mkanda usingekatika, saa hizi ningekuwa naongea na mama yake, si na wewe."

"Ameumia?" aliuliza Inspekta.

"Hapana. Mungu kamkinga."

"Basi tumshukuru Mungu. Maana ajali lazima iwe na majeruhi, au mali iliyoharibika."

"Begi si mali?"

Inspekta akamgeukia Mtaalamu. Mtaalamu akalitazama begi kwa juu ya miwani. "Liko chini ya kiwango," alisema. "Mfumo hautalipokea."

"Na imetokea wapi hasa?" Mhandisi aliuliza, kalamu tayari.

"Hapo chini! Simama dirishani utapaona."

Mhandisi hakusimama. "Nauliza barabara namba ngapi."

"Mimi nitajuaje? Namba si mnazo nyie?"

"Hiyo haina namba kwa sasa. Kitaalamu, mwalimu, hapo hapana barabara."

"Hee! Basi hilo gari lilikuwa linapita wapi? Shambani?"

Muuguzi Mkuu alicheka, akageuza kicheko kikawa kikohozi. Mkurugenzi akavua miwani. Anapovua miwani huwa anakaribia kuwa mpole, na upole wake ndio mbaya.

"Mama, tuelewane. Zamani nchi hii iliendeshwa kwa hisia. Mtu analia, tunajenga tuta. Mwingine analia, tunaweka taa. Kimsingi, tumetoka huko. Mimi nina takwimu. Wewe una begi."

"Begi la mtoto, Mkurugenzi."

"Niletee ajali moja. Moja tu, iliyothibitishwa, iliyoingia ndani ya Ghala, mahali hapo. Siku hiyohiyo bango litang'oka. Bila hivyo, nitamwambia nini Waziri Ijumaa? Kwamba nimeogopa begi?"

Wifi alilisogeza begi mbele yake. Namfahamu, akishusha sauti ni kama maji yaliyofunikwa jikoni.

"Unataka nikuletee maiti," alisema.

Mkurugenzi alivaa miwani yake tena.

"Na akifia njiani akiletwa kwangu, Mwalimu," Muuguzi Mkuu alisema polepole, akitazama mikono yake, "hatahesabiwa. Tuliliahirisha." Sikujua kama alikuwa akimwonya wifi yangu au akijisemesha mwenyewe.

Mimi niliinamisha kichwa. Kuna ombi ninalolitumia sana ofisini: Ee Mungu, weka mlinzi mlangoni pa kinywa changu. Limenisaidia miaka yote na limenilinda na mengi. Siku ile nadhani mlinzi alikuwa amekwenda kunywa chai, kwa sababu nilisikia sauti yangu ikisema:

"Mkurugenzi, si bora tushuke tukaangalie? Mvua imekatika."

Wote wakanigeukia kama kiti kimeongea.

"Kimsingi, ziara ya eneo haiko kwenye ajenda."

"Nitaiweka kwenye mengineyo," nilisema.

Dhidi ya mengineyo hakuna mkurugenzi aliyewahi kushinda. Tukashuka.

Utepe ulikuwa umekula asubuhi yote, na sasa ilikuwa saa ya chekechea kutoka. Wazazi walishaanza kukusanyika upande wetu, akina mama wengi, na babu mmoja mwenye baiskeli. Fundi viatu alikuwa ukutani na sanduku lake. Ng'ambo, msaidizi wa wifi alikuwa amewazuia watoto ndani ya uzio, wakipiga kelele kama chiriku. Lami ilikuwa imelowa. Bango lilisimama katikati ya yote hayo, na Mkurugenzi wa bati alimnyooshea kidole gumba Mkurugenzi wa nyama.

"Haya," alisema wifi yangu. "Mkurugenzi, ingia kwenye gari lako. Toka getini upinde kushoto, kama unavyotoka kila siku. Mmoja wenu anifuate mimi nyuma ya tai, achungulie kama mtoto."

"Mimi nitasimama," alisema Inspekta. "Dereva makini huona kila kitu. Nimefundisha hilo maisha yangu yote."

"Husimami, Afande. Unachuchumaa. Wanafunzi wangu hawana kimo chako."

"Mwalimu, na tumbo hili?"

"Limeze!" alipaza sauti fundi viatu, na wazazi wakacheka. Inspekta akavuta pumzi, akashuka kwa awamu, kama lori linaloshusha mchanga, mpaka akafika kimo cha mtoto. Wifi alimshika mkanda wa suruali kwa nyuma, kama anavyowashika watoto kola.

Mimi niliingia kiti cha nyuma cha gari la Mkurugenzi na daftari langu, kwa kuwa ziara ya eneo inahitaji kumbukumbu. Aliwasha gari, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akaangalia na kioo. Siwezi kumsingizia, alikuwa makini kuliko siku yoyote. Tukatoka getini. Kushoto kwangu lilipita goti lake la bati, kisha tai.

"Unaona, Katibu?" alisema. "Kimsingi, barabara nyeupe kabi—"

Kofia ya polisi ikatokea mbele ya taa. Alikanyaga breki, gari likaserereka kwenye lami iliyolowa, mimi nikapiga paji la uso kwenye kiti chake na kumtaja Mungu kwa jina, si kwa sala. Likasimama. Kofia ilikuwa chini ya gurudumu. Inspekta hakuwa chini ya gurudumu, kwa sababu wifi yangu alikuwa amemvuta kwa mkanda kwa nguvu ambazo sikujua anazo, na wote wawili walikuwa wameketi kwenye maji ya mtaro.

"Nimekufa!" alisema Inspekta.

"Bado," alisema Muuguzi Mkuu, akimshika mapigo ya mkono.

Mkurugenzi alishuka. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alitazama gurudumu, akatazama kofia, akatazama bango, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikaa muda mrefu bila neno lake. Mimi nilisema moyoni: asante, Mungu, umewafungua macho. Wanaling'oa sasa hivi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri wifi ataazima kwa nani mtalimbo wa kuling'olea.

Ndipo Mtaalamu alipouliza, "Hii tunaiingizaje?"

"Kuingiza nini?" alisema Mhandisi.

"Tukio. Amekoswakoswa. Kwenye mfumo hakuna kukoswakoswa."

"Tumwandike mtembea kwa miguu aliyenusurika," alisema Muuguzi Mkuu.

"Hakuwa anatembea," Mhandisi alisema, akionyesha kwa kalamu. "Alichuchumaa. Kuchuchumaa si kutembea."

Inspekta naye, maji yakimchuruzika suruali, akakumbuka kazi yake. "Na fomu siwezi kuijaza mimi. Mtu hawezi kupeleleza shauri lake mwenyewe."

"Namba ya barabara hatuna pia," alisema Mhandisi.

"Basi naiacha tupu," alisema Mtaalamu.

Na tupu kwetu ni sifuri. Niliona rangi ikirudi usoni mwa Mkurugenzi kidogo kidogo, midomo kwanza, kisha mashavu. Aliivuta kofia kutoka chini ya gurudumu, akaikung'uta, akamrudishia mwenyewe kwa heshima.

"Ndugu wananchi," alisema, maana alishaona umati, "kimsingi nimeguswa. Nimeguswa sana. Tutaunda kamati ndogo itakayoangalia suala hili kwa mapana yake. Lakini Waziri anakuja Ijumaa, na mpaka hapo bango hili ni mali ya shughuli ya serikali. Halitaguswa na mtu. Baada ya Ijumaa, tutalifanyia kazi."

"Kati ya leo na Ijumaa," wifi alisema, bado amekaa mtaroni, "watoto wangu watavuka hapa mara ngapi?"

Mtaalamu alitoa simu apige hesabu. Muuguzi Mkuu akamshika mkono, akaushusha.

Wifi akainuka. Hakujikung'uta. Alivuka barabara peke yake, akawapanga watoto, akasimama katikati ya lami na mikono yote miwili imenyooshwa, magari yakapiga honi, yakasimama, na watoto wakavuka wameshikana mashati mpaka upande wetu, mbele ya tai ya bati. Wazazi wakawapokea. Yule babu wa baiskeli alikuwa akilia bila kujificha. Kisha wifi akawageukia.

"Wazazi wenzangu, nisikieni, na wakubwa hawa wanisikie. Mimi nimechoka kuomba. Kesho asubuhi, kabla mtoto hata mmoja hajafika hapa, hili bango litakuwa limelala chini. Nitaling'oa kwa mikono yangu. Anayetaka kunifunga, polisi huyu hapa, nyumba yangu anaijua, na ina namba."

"Mwalimu," alisema fundi viatu, safari hii bila mzaha, "nguzo hizo zimemwagiwa zege. Peke yako litakulalia."

"Litanilalia basi. Labda hapo nitaingia ghalani."

Mkurugenzi aliufungua mlango wa gari, akaufunga, akaamua kwenda kwa miguu. Alinigusa bega. "Katibu, twende juu. Hatujamaliza utepe." Alisema kwa sauti ya kawaida, na mimi nilielewa kila kilichokuwa ndani yake. Nilifikiri mshahara. Nilifikiri ada ya masomo yangu ya jioni, ambayo mume wangu ananisaidia nusu, na mtihani uliokaribia. Nilifumba macho niombe kuonyeshwa njia. Kisha nikaona aibu kumsumbua Mungu kwa swali ambalo jibu lake lilikuwa limesimama mbele yangu, lina makamasi, limeshika shati la mwenzake.

Nilifunga daftari.

"Katibu," alisema Mkurugenzi, "hilo usiliandike."

"Siliandiki," nilisema, kisha nikapaza sauti ili wasikie wote, yeye na Inspekta na Muuguzi Mkuu, Mhandisi na Mtaalamu, wazazi, babu na fundi viatu. "Wifi, kesho alfajiri nakuja na mtalimbo. Wewe utasukuma, mimi nitalishika upande wa pili, lisije likamwangukia mtu. Naahidi mbele ya hawa wote, na mbele za Mungu."